Taa ya Fowili

Mwanangu alishakata shauri: fowili ya gari lake isiposhika, nahamia kwake mjini. “Ukiugua mvua inanyesha, mama, nitakufikiaje?” Hakukosea. Kwangu ni kilimani, na njia ikilowa ni utelezi mtupu. Gari lisipovuta kwa magurudumu yote manne, ndiyo fowili yenyewe, halipandi. Taa ya fowili kwenye dashibodi ilikuwa ikiwaka na kuzima ipendavyo, na ikizima, magurudumu ya mbele yanasusa. Mafundi walisema kisanduku kinachoiamuru fowili kimekufa, na kipya hakipatikani.

Tukamwita mjukuu wangu, binti wa mwanangu huyo huyo, fundi wa umeme wa magari. Akang'oa kiti cha mbele; kisanduku hicho hapo, na nyaya zake kama mkeka uliofumuka. Akawasha gari na kutia fowili.

“Mke mwenza,” akaniambia, “kazi yako kutazama taa. Ikizima, sema. Usisinzie.”

“Nimemlea baba yako, mtoto wa kulia usiku kucha. Taa itanishinda?”

Mwanangu akajikohoza pale nje.

Mjukuu akashika waya mmoja, akautikisa. Taa ikakaa. Akashika mwingine. Hivyo hivyo, mmoja mmoja, mpaka shingo yangu ikakaza.

“Si niliwaambia?” mwanangu akasema. “Hicho kisanduku ni marehemu.”

“Baba, marehemu hawashi taa.”

“Imezima!” nikapiga kelele.

Akaachia waya, ikawaka. Akautikisa, ikazima. Akazima gari, akachomoa soketi. Ndani, pini moja ilikuwa imerudi nyuma, haigusani vizuri na mwenzake. Kila fundi aliyechomoa na kuchomeka ili ajaribu, alizidi kuisukuma. Mjukuu akasugua kutu kwa mswaki, akaivuta pini mpaka ikalia ‘ta!’, akazifunga nyaya zisivutane.

Jioni ile ile tukapanda kilimani kwangu sote watatu, manyunyu yakidondoka. Kwenye kona mbaya matako ya gari yakateleza. Magurudumu ya mbele yakang'ata tope, tukapita. Taa haikupepesa.

Mlangoni mwanangu hakushuka. Alishika usukani tu.

“Mama, kwangu kuna maji ya bomba.”

“Najua, baba. Siku nikishikwa na kiu nitakuja.”

Akacheka bila kupenda, akageuza gari. Mke mwenza akabaki kulala kwangu.