Mfupa wa Supu ya Jumapili

Uvumi ulimwingia Béata sikioni kanisani, ukakataa kutoka: eti hapo mtaani kwao Alby kuna msichana anachemsha mifupa ya maiti na kujivika shingoni. Aliusikia kwa Christina, kiongozi wa maombi. Béata naye hakuuacha ulale. Kwenye treni ya kwenda Märsta, anakofanya kazi ya usafi, aliwasimulia wenzake wawili, akautia chumvi kidogo: huyo msichana huipaka na damu.

Jumamosi mchana alitoka kazini, akafungua mlango wake. Jikoni sufuria inatokota. Natacha, bintiye wa miaka kumi na tatu, ameinama mezani. Mbele yake pana mifupa, jiwe lenye makali na unga mwekundu.

Béata akafoka: "Nini hiki?"

Mtoto akajibu Kiswidi kama kawaida yake. Alipomwona mama uso umebadilika, akahamia Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mama, ni mfupa wa supu yetu. Wa ng'ombe. Mwalimu alitufundisha watu wa kale walivyotengeneza mapambo. Unachemsha, mafuta yatoke. Unakwangua na jiwe. Tundu unatoboa hivi," akasugua kijiti kati ya viganja, "pole pole, mimi siku mbili. Halafu mchanga na maji mpaka ung'ae. Hii nyekundu ni udongo, unaingia kwenye mistari ndiyo ionekane."

"Mistari gani?"

Natacha akaficha kidani chake cha mfupa kiganjani, akacheka. "Siri. Mpaka kesho."

Hilo neno siri ndilo lililommaliza Béata. Akampigia Christina.

Walikuja wanawake wanne. Wakamlaza mtoto sakafuni, wawili wakambana mikono. Christina akammwagia maji ya chumvi machoni.

"Wewe uliye ndani, jina lako nani?"

"Natacha! Mama, ni Natacha!"

"Mwongo huyo, anajificha kwenye jina la mtoto. Mama Natacha, kaza miguu yake."

Béata akakaza.

Mtoto akajikojolea. "Ona, anatoka!" mmoja akapiga kigelegele, wakacheka kwa furaha. Christina akachukua mchi wa kinu, akakiponda kidani. Béata akafagia vipande haraka haraka, akavitupa.

Kesho yake ilikuwa siku ya akina mama. Kanisani watoto wakapanga mstari na zawadi zao. Natacha alibaki kwenye kiti, ameivuta mikono ya sweta mpaka kwenye vidole.

Jumatatu mwalimu alimwambia apandishe mikono ya hiyo sweta, akaiona michubuko. Kufika jioni, watu wa ustawi wa jamii walikuwa wameshampeleka kwa familia nyingine, Södertälje. Walimwuliza kama anataka kuongea na mama yake kwenye simu. Béata alimsikia mwenyewe akikataa kwa Kiswidi: "Nej."

Wiki ya pili, akifagia, alikuta kipande chini ya jiko. Kina mistari myekundu inayopanda na kushuka, imechongwa kwa subira. Aliijua. Ni ya mfuniko wa kikapu cha marehemu mama yake kutoka kwao Gitega, kile kilichotundikwa hapo hapo ukutani.

Siku hizi kanisani kuna uvumi mwingine: eti Alby kuna mama mchawi, serikali imemnyang'anya mtoto. Msimulizi ni Christina. Na damu imo.

Mama mwenzangu, epuka haya:

Kuingia nyumbani na maneno ya watu kichwani.
Kutia chumvi habari ya mtoto usiyemjua. Huenda ni wako.
Kuogopa siri ya mtoto kabla kesho haijafika.
Kumwita mtu wa maombi kabla hujatazama kilicho mezani.
Kumshika mtoto wako miguu, hata uambiwe na nani.
Kufagia haraka.