Shimo Alilolinyamazia Kitinda

Wakiendesha baiskeli wawili kwa kufuatana, wa mbele ndiye macho ya wote. Akiona shimo hunyoosha mkono kulionyesha, na wa nyuma, ambaye haoni ila mgongo wa mwenzake, hukwepa bila kuuliza. Kitinda alifundishwa hayo na baba yake kabla hajajua kusoma. Baba mwenyewe alikuwa tarishi wa posta, miaka thelathini na mmoja juu ya baiskeli, hadi watu wakamwita Barua na jina lake la kuzaliwa likasahaulika.

Safari hii ilikuwa yao wawili, baba na binti: siku tisa kando ya bahari, safari ambayo mzee aliiota tangu astaafu. Siku ya nne ndiyo iliyoharibika, na aliyeiharibu ni Kitinda, tusizungushe maneno.

Kazi ya Kitinda ilikuwa kupanga ratiba za treni, na dakika tano zikipotea zilimkera kama kokoto ndani ya kiatu. Barabara ya siku ile ilipita ubavuni mwa majabali, bahari chini kabisa ikimetameta, na kila kona Barua, aliyekuwa nyuma, alipiga kengele.

"Simama, mama, tuione na hii!"

Kitinda alisimama mara ya kwanza, ya pili, hata ya tano. Saa nane mchana ikawakuta hawajamaliza hata nusu ya njia.

"Baba, bahari ni ileile tangu asubuhi!"

"Ileile? Wewe una macho kweli?" Mzee akacheka, akaipiga kengele tena kwa makusudi.

Utani ule ulimpandisha Kitinda hasira. Walipoanza mteremko aliliona shimo mapema kabisa, pana kama beseni. Alilikwepa. Mkono wake ulibaki kwenye usukani. Tena hakupitiwa, aliwaza kwa maneno kamili: acha limtikise kidogo, labda ataangalia barabara.

Halikumtikisa, lilimrusha. Kitinda alisikia chuma kikigonga lami, kisha kimya, na kimya kile ndicho kilichomkata maini.

Tabibu wa zahanati ya jirani alisema kifundo cha mkono hakijavunjika, ila mzee asishike usukani kwa wiki tatu. Wakapata chumba katika nyumba ya wageni, vitanda viwili na dirisha moja. Kitinda akamvua baba viatu, akampangia mito, akammenyea chungwa.

"Nikuletee maji, baba? Nifunge dirisha? Mguu hauumi?"

"Mwanangu, nimeumia mkono, sijazaa."

Kitinda alishindwa kucheka. Baba akasema polepole, "Sikuuona mkono wako."

Kitinda akaendelea kumenya chungwa lililokwisha kumenywa.

"Ulionyesha, najua. Hujawahi kuacha tangu mdogo. Ni mimi, mama. Macho yamekwisha."

Akachukua simu kwa mkono mzima, akampigia mdogo wake. "Ile baiskeli, tukirudi uje uichukue. Ndiyo, iwe yako kabisa. Mtu haoni mkono wa mwanawe hapo mbele yake, anatafuta nini barabarani?"

Alicheka kwenye simu. Alipoikata akageukia ukutani, na Kitinda akaona mabega yake yakitetemeka.

Roho ilimsuta. Tena kunyamaza kulikuwa rahisi: mzee angekaa nyumbani salama, naye angebaki binti mwema. Alilipima jambo hilo, akaona linavyomfaa, akajichukia. Akapiga moyo konde.

"Baba, sikuonyesha."

"Ulisahau?"

Angeweza kuitikia tu, yakaishia hapo.

"Sikusahau. Nililiona. Nilikuwa nimekukasirikia, nikakuacha uingie."

Mzee aligeuka, akamtazama. Kitinda alijiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Badala yake uso wa baba ukaanza kuchangamka.

"Kwa hiyo macho yangu mazima?"

"Mazima, baba."

"Mazima kabisa?"

Hata jibu hakusubiri. Alishaishika simu. "Wewe! Sahau habari ya baiskeli! Naona kuliko wewe na miwani yako!" Akaongea, akacheka, akatukanana na mdogo wake kwa furaha, na Kitinda akakaa kwenye kitanda cha pili akilia. Furaha ile ilimuuma kuliko kofi ambalo hakupigwa.

"Nisamehe, baba."

"Nimeshakusamehe. Mwanangu wewe, nikutupe wapi?" Akala kipande cha chungwa, akafuta kidevu. "Mkono ukipona tutarudi kuimalizia njia hii."

"Tutasimama kila kona. Nami nitakuonyesha kila shimo, baba, hata kila kokoto."

"Hapana, mama," mzee alisema kwa upole, bila hasira yoyote. "Mbele nitakaa mimi."