Kisanduku cha Wodi ya Wanaume

Kisanduku cha sindano zilizotumika kilikuwa kimefura kama tumbo la mlafi, na sindano mbili zilichungulia mdomoni mwake.

"Sista Mkuu, hiki kimejaa. Nilete kingine?" aliuliza muuguzi wa zamu.

"Kimejaa, au ni wewe umejaa uvivu?"

Wodini walimwita Sista Mkuu huyo Jemadari kwa siri, naye alilijua jina hilo na kulipenda. Watu legelege walimtia kichefuchefu. Kwake yeye, muuguzi aliyejichoma sindano hakupata ajali, alikuwa mzembe tu, na mzembe aliambiwa mbele ya wenzake, "Macho umeyaacha nyumbani?" Ndiyo maana, alijigamba, siku hizi wodini kwake hakuna anayejichoma. Maandishi ya ubavuni mwa kisanduku yalitaka kibadilishwe kikifika robo tatu. Hayo aliyaona porojo za watu wasiojua kubana matumizi.

"Tazama hapa," alisema, akakishindilia kwa kiganja.

Kitu kikapenya glavu. Hakupiga yowe, hata uso haukubadilika. Alitia mkono mfukoni.

"Umeona? Nafasi tele."

"Ndiyo, Sista," muuguzi aliitikia, macho yakiwa kwenye ule mfuko.

Chooni alijiosha kwa maji na sabuni, akilitazama lile tone la damu kwa dharau ileile aliyozoea kuwagawia wengine. Mjinga mkubwa! Sindano ile ingeweza kuwa ya mgonjwa yeyote, mwenye ugonjwa wowote, na dawa ya kinga haimngojei mtu amalize kuona haya. Aliogopa. Alimfikiria mumewe, atakavyolala ubavuni pake usiku huo bila kujua lolote. Wazo la kunyamaza lilimtia aibu, lakini alikaa nalo kwa muda mrefu kuliko alivyotaka kukiri.

Mwishowe alishuka kwa ngazi za nyuma, akinyata kama mwizi wa kuku, hadi kwa daktari anayetoa dawa za kinga. Alikataa kiti.

"Ilikuwaje?" daktari aliuliza.

"Mgonjwa alirusha mkono," alijibu bila kupepesa.

Daktari aliacha alichokuwa akifanya. "Wodi ya wanaume?"

"Ndiyo."

"Hivi hao wagonjwa wenu wana nini, Sista? Kila anayeshuka kutoka kwenu, mgonjwa alirusha mkono. Juzi nimemuuliza mmoja ni mgonjwa gani, akaanza kulia. Akaniomba tu nisije nikakwambia."

Maneno yote aliyokuwa nayo Jemadari tayari yalikuwa ya kumkaripia mtu, na hapakuwa na wa kumkaripia.

"Kwani," aliuliza kwa sauti ndogo, "wamekuja wangapi?"

Daktari alimsogezea vidonge na bilauri ya maji.

"Meza kwanza," alisema. "Halafu ukae."