Mbeleko ya Chuma

Barua ilimkuta Fundi akiwa amemning'iniza mkewe, Mwalimu, hewani. Ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi: alimpitishia turubai chini ya mgongo na mapaja, akatia kulabu nne, akazungusha pedali kwa mkono, na Mwalimu akapanda taratibu kutoka kitandani, akasogezwa, akashushwa kwenye kiti cha magurudumu. Tarishi alichungulia mlangoni, akaona mwanamke mzima anaelea kati ya kitanda na dari, akasahau alichokuja kufanya.

"Ingia tu," Mwalimu alimwambia kutoka huko juu. "Hapa ndipo ninapopokelea wageni."

Fundi alikuwa fundi baiskeli, na karakana yake ilikuwa chumba cha pili cha nyumba yao. Miaka minane nyuma mkewe aliteleza kwenye ngazi za shule, mikononi ana rundo la madaftari ya darasa la sita, na tangu hapo miguu yake ikawa mgeni kwake. Fundi alimbeba kwa mikono yake mwaka mzima. Kisha mgongo wake mwenyewe ukagoma. Siku hiyo walikaa vile vile, mmoja kitandani na mwingine sakafuni, toka saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, mpaka jirani alipokuja kuazima chumvi.

Ni pale sakafuni, akiangalia mguu wa kitanda, ndipo wazo lilipomjia. Gia ya nyuma ya baiskeli huzunguka upande mmoja na kugoma upande wa pili. Ukiigeuza na kuifunga kwenye mlingoti, mzigo utapanda ila hautaporomoka, hata mkono wako ukichoka, hata ukiachia kabisa. Kwa kuteremsha alitafuta dawa yake: kijiti cha breki kilichoachia jino moja baada ya jingine. Alichomelea mabomba ya vitanda vikuukuu, akafunga minyororo miwili, akajaribu kwanza kwa magunia ya mchanga, kisha kwa mwili wake, na mwisho kwa mke wake, akitetemeka kama bwana harusi. Mwalimu ndiye aliyekiita chombo hicho Mbeleko.

Sifa haina mlango. Muuguzi mmoja wa hospitali, mama mtu mzima waliyezoea kumwita Dada Mkuu, alikuja kukiona, akamwomba Fundi akakionyeshe wodini. Fundi alikwenda. Aliwanyanyua wagonjwa watatu mbele ya madaktari, wauguzi na yeyote aliyekuwa anapita kwenye korido, akaeleza kila jino na kila nati, kwa kuwa alijisikia kama mtu aliyeleta mvua. Baada ya hapo watu walianza kuja: mwana mwenye mama aliyepooza, mke mwenye mume aliyevunjika uti wa mgongo. Aliyekuja alileta vyuma vyake, Fundi akaunganisha. Mbeleko kumi na moja zilitoka kwenye karakana ile.

Barua aliyoileta tarishi ilisema mashine ya kunyanyua wagonjwa kwa gia ya mwelekeo mmoja ni mali ya kampuni fulani, ambayo imepewa hataza, yaani haki ya serikali ya kuwa mwenye uvumbuzi huo peke yake kwa miaka ishirini. Fundi aache kutengeneza mara moja. Mashine alizokwisha kuzigawa zikusanywe na kukabidhiwa. Kama ana pingamizi, alipeleke mbele ya baraza la hataza ndani ya siku thelathini.

Mwalimu aliisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya darasani. Fundi alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mimi nilikwenda kwao," alisema. "Miaka minne sasa. Nilikwenda."

Na ni kweli alikwenda. Alisimama kwenye dirisha la ofisi ya hataza, karani akamuuliza swali moja: uvumbuzi huu umeshawahi kuuonyesha hadharani? Fundi akajibu kwa fahari kwamba hospitali nzima imeuona, miaka miwili iliyopita. Karani akairudisha kalamu mfukoni. "Basi si mpya tena, mzee. Hataza hupewa kitu kipya. Ulipokionyesha bila kukisajili, ulikitoa kwa dunia." Fundi alirudi nyumbani na fomu tupu. Mwaka uliofuata kampuni ilipeleka maombi ya kitu kile kile. Nao bila shaka waliulizwa swali lile lile, wakajibu kwamba hakuna aliyewahi kukiona.

"Kwa hiyo mimi niliyesema kweli nilinyimwa," Fundi alisema, "na aliyenyamaza akapewa."

"Hapana, sikiliza," Mwalimu alisema. Macho yake yalikuwa yameamka kama zamani alipopata hesabu ngumu. "Kilichokunyima wewe kinawanyima na wao. Ukithibitisha kwamba ulikionyesha hospitali kabla yao, basi hakikuwa kipya walipokipeleka. Hataza yao inafutika."

"Na yangu?"

"Yako haipo. Itakuwa si ya mtu. Lakini hakuna atakayekuja kukusanya."

Ili aokoe kile alichokitengeneza, ilimpasa aende kushuhudia kwamba alikipoteza mwenyewe, kwa mdomo wake, siku ya furaha yake. Haya, akakubali. Alikwenda baraza akaandikisha pingamizi. Wakamwambia maneno matupu hayatoshi, wanataka maandishi yenye tarehe.

Hapo ndipo maji yalipoanza kumfika shingoni. Hospitalini aliambiwa kumbukumbu za mwaka ule ziliwekwa stoo, na stoo iliingia maji. Madaktari waliokuwepo wamehamishwa. Dada Mkuu amestaafu, amekwenda kuishi na binti yake, wapi hakuna ajuaye, na simu yake haipatikani. Mgonjwa mmoja kati ya wale watatu alikuwa hai bado, lakini alipoulizwa mwaka alisema, "Ulikuwa mwaka ambao mjukuu wangu aliota meno." Fundi alizunguka wiki tatu. Kila aliporudi, Mwalimu alikuwa kitandani na simu sikioni, akiongea na hawa na wale, naye Fundi hakuuliza ni akina nani. Alidhani anajiliwaza.

Siku ya ishirini na tano kijana mwenye mama aliyepooza alikuja mlangoni. Watu wa kampuni walikuwa wamefika kwake na kupiga picha Mbeleko. "Fundi, wakiichukua, mama nitamgeuza vipi? Vidonda ndiyo kwanza vimekauka." Fundi alimwambia asiwe na wasiwasi. Kijana alipoondoka, aliingia karakana, akafunga mlango.

Alichana karatasi kutoka daftari lililokuwa limesahaulika nyuma ya pampu za baiskeli. Akachora Mbeleko jinsi alivyoichora mara ya kwanza, akaandika chini: *Imeonyeshwa hospitali*, na tarehe ya siku ile, aliyoikumbuka kama siku ya ndoa. Hakuna neno la uongo pale, alijiambia. Ilionyeshwa, siku hiyo hiyo. Wino tu ndio wa leo. Akaichovya karatasi katika chai ya rangi, akaianika juu ya injini ya jenereta, akaikunja na kuikunjua mpaka mikunjo ikalegea.

Mwalimu aliiona ikiwa mezani mchana ule. Aliishika, akainusa.

"Nimefundisha miaka ishirini na sita," alisema polepole. "Barua ngapi za 'mtoto alikuwa mgonjwa' zimepita mikononi mwangu, unajua?"

"Ni mchoro wa zamani."

"Mume wangu. Usiipeleke hii."

"Nipeleke nini basi? Nipeleke meno ya mjukuu wa mtu?"

"Subiri kidogo. Kuna watu nimewauliza."

"Kusubiri unaweza wewe," Fundi alisema, na sauti asiyoijua ikamtoka. "Wewe kazi yako ni kulala tu."

Mwalimu aliirudisha karatasi mezani, akageuza uso ukutani. Fundi alisimama pale na mikono yake myeusi ya grisi, akitamani neno lile lingekuwa nati anayoweza kuifungua. Lakini siku ya baraza alipoondoka, karatasi ilikuwa mfukoni.

Baraza lilikuwa chumba chenye meza ndefu na feni iliyozunguka kwa kujikokota. Walikaa watu watatu, mwenyekiti katikati, mwanamke wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Upande wa pili alikaa wakili wa kampuni, kijana mpole ambaye alimwamkia Fundi kwa adabu kabla ya kuketi. Mwenyekiti alimuuliza Fundi kama ana ushahidi wa maandishi. Fundi akatoa karatasi.

Wakili aliipokea kwa ncha za vidole. Aliisoma mbele, akaigeuza, akainyanyua kuelekea dirishani. Ukingoni, mahali ambapo macho ya Fundi hayakufika, palikuwa na maandishi madogo kama sisimizi: jina la kiwanda cha madaftari na mwaka wa kuchapwa. Wakili aliyasoma kwa sauti ya chini, karibu ya huruma. Daftari lilichapwa miaka mitatu baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake.

Feni iliendelea kujikokota. "Mzee," mwenyekiti alisema, "umeandika lini hii?"

"Siku ya tano leo," Fundi alisema.

Wakili alikuwa bado anaandika pale mlango ulipofunguliwa, na karani akamwingiza mwanamke mzee mwenye fimbo, anahema. Alikuwa Dada Mkuu. Mwalimu alikuwa amempigia kila mwanafunzi wake wa zamani aliyemkumbuka, mmoja akamtuma kwa mwingine, mpaka wa thelathini na kitu akasema mama yule anaishi jirani na shangazi yake. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri. Alitoa kwenye pochi bahasha, na ndani yake taarifa aliyoiandikia hospitali baada ya onyesho lile: mchoro wake, maelezo ya gia, majina ya wagonjwa watatu, saini ya mganga mkuu, mhuri wa hospitali na tarehe.

"Ilibandikwa ubaoni miezi mitatu," alisema. "Yeyote aliyepita aliisoma. Nilipostaafu niliing'oa nikaondoka nayo, maana ndiyo kazi niliyoionea fahari."

Fundi alimtazama, akaitazama ile karatasi ya chai iliyolala mbele ya wakili. Laiti angengoja nusu saa.

Uamuzi ulikuja kwa posta baada ya wiki sita. Mwalimu aliusoma kitandani, Fundi amesimama. Baraza lilikubali taarifa ya muuguzi kwa kuwa ilijitosheleza yenyewe. Uvumbuzi ulikuwa umekwisha kujulikana hadharani, kwa hiyo hataza ya kampuni imefutwa. Hakuna mashine itakayokusanywa. Yeyote yuko huru kuitengeneza, kampuni ikiwemo. Mwalimu akaruka aya, akageuza ukurasa.

"Soma yote," Fundi alisema.

Akasoma. *Baraza linasikitika kwamba mleta pingamizi, ambaye ni fundi baiskeli, aliwasilisha waraka wa kughushi, na halikuzingatia maelezo yake yoyote.* Katika kurasa tisa hapo peke yake ndipo alipotajwa. Kuhusu nani aliibuni Mbeleko, uamuzi ulisema tu kwamba ilionyeshwa na mtu mmoja, katika hospitali moja.

Fundi alikaa chini, pale pale sakafuni. Alilia bila sauti, mabega yakipanda na kushuka, na mkewe akashindwa kumfikia. Mkono wake uliishia kwenye ukingo wa godoro.

"Lile neno nililokwambia," alisema baadaye.

"Nililisikia."

"Sijui nitalitoa vipi."

"Halitoki," Mwalimu alisema. "Nami sitajifanya limetoka. Inuka kwanza, mume wangu, utashikwa na mgongo."

Ilimchukua muda kuinuka. Mlangoni kijana yule alikuwa anapiga hodi, mnyororo wa Mbeleko ya mama yake umekatika pingili moja, na mama yuko kitandani anangoja. Fundi alinawa uso, akachukua koleo na pingili tatu za akiba, akamfuata.