Panya Mzima Naye Aliwaka

Miezi saba tulikuwa tunatwanga maji kwenye kinu. Seli za saratani tulizozitengeneza ziwake mbele ya kamera maalumu tulizidunga kwenye bandama za panya, maana damu itokayo huko hupitia ini. Tulitaka saratani ihamie kwenye ini, tuione ingali changa, tuijaribie dawa. Hatukuona kitu. Profesa akatamka: Ijumaa isipoonekana, kamera wanapewa wenzetu wa chumba cha pili, na kazi yetu ndiyo basi.

Jumatatu ikawaka! Tumbo zima la panya wa kwanza liling'aa kwenye skrini. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja. Mimi ni mtu wa papara, sifichi. Nilikwisha kumpigia profesa simu.

"Na yule mzima wa kulinganishia je?" aliuliza mtunza panya wetu, dada mtaratibu tunayemwita Mama Panya.

"Yule hana seli hata moja. Wa nini?"

"Mpige picha tu, mdogo wangu."

Nikampiga. Aliwaka kumshinda mgonjwa! Nilitamani ardhi inimeze.

Mama Panya akanionyesha vidonge vya chakula kiganjani. "Hivi vipya vina majani makavu ndani; vya zamani havikuwa nayo. Ukijani huo ndio unaowaka tumboni. Umeshangilia chakula changu, wala si saratani yako." Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akabadilisha chakula cha panya wote, akaleta kisicho na majani.

Ijumaa profesa alisimama nyuma yetu. Safari hii nilianza na panya mzima. Giza. Nikamweka mgonjwa. Giza pia. Halafu, chini ya mbavu, nukta moja, ndogo kama punje ya ufuta. Wa pili alikuwa nazo mbili.

Tulimpasua wa kwanza kuhakikisha. Pale pale ilipowaka nukta, ini lilikuwa na kidoa cheupe.

Profesa alivua miwani. "Wagonjwa huletwa kwetu ini limeshajaa saratani. Sijawahi kuiona ikiwa changa hivi." Akaifuta miwani taratibu. "Kamera haiendi popote. Dawa tunaanza kuijaribu lini?"

"Sasa hivi!" nilisema.

"Jumatatu," alisema Mama Panya. "Wanyama wamechoka."

Profesa hakunitazama hata kidogo. Alichukua kalamu, akaandika Jumatatu.