Shari Kamili

Mahindi yalikuwa yanafufuka, na nyumbani kwetu hakuna aliyefurahi.

Mvua ya mawe ilikuwa imeyalaza yote, majani yamechanika kama nguo kuukuu iliyofuliwa juu ya jiwe. Bwana shamba alipita akatueleza: serikali ingetoa fidia ya maafa, lakini kwa shamba lililokufa lote tu. Lililobakiza hata nusu halipati kitu. Wakaguzi wangekuja kujionea. Mpaka hapo tusilime, tusipande.

Tukangoja. Umande ukashuka, jua likawaka, na mabua yakaanza kuinua vichwa polepole, kama wagonjwa waliosikia wanaitwa. Hayakunyooka yote. Yangetupa nusu ya mavuno, pengine pungufu: chakula cha miezi michache, bila mbegu wala karo ya watoto.

Jirani yetu, ambaye shamba lake lilikufa lote, aliegemea ua akicheka.

"Shemeji, nasikia lenu limepona. Poleni sana!"

"Tumeshapoa," nilimjibu. "Na wewe hongera kwa msiba."

"Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili," alisema. "Serikali haikuwasikia!"

Nilicheka. Mume wangu hakucheka. Alikuwa akitazama zizi la ng'ombe.

Mama mkwe ndiye aliyeingia shambani kila asubuhi, akipandishia udongo mashina kwa mikono yake.

"Mama, wamesema tusiguse," mume wangu alimwambia.

"Wamesema tusilime. Mimi silimi, mwanangu. Nayashika mkono tu yasimame."

Jioni ya kuamkia siku ya ukaguzi tulikaa kusali. Mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza, nami nilikuwa na mpangilio wangu: watoto, mama, mifugo, kisha shamba. Nilipomaliza mifugo, mume wangu alinigusa bega.

"Mama watoto," alisema kwa sauti ya chini, "leo usiliombee shamba."

Mama mkwe alikuwa amefumba macho. Hakuyafumbua. Nikasema amina hapo hapo, sala ikiwa imekatika, nami nikajua.

Alfajiri mlango wa zizi ulilia. Ng'ombe walisita kwenye ukingo wa shamba. Maisha yao yote walikuwa wakifukuzwa pale kwa fimbo. Mume wangu akawapigia mluzi. Wakaingia.

Niliwasikia wakitafuna. Bua bichi huvunjika kwa sauti yenye maji ndani yake. Mpaka leo, mtu akila muwa karibu nami, natoka nje. Chumba cha pili, mama mkwe alifunga dirisha.

Mkaguzi alifika jua limeshapanda. Alitazama alama za kwato kwenye tope, akamtazama mume wangu, akatazama saa yake.

"Hasara kamili," alisema, akaenda kwa jirani.

Fidia ilikuja. Sisemi uongo: watoto walirudi shule, na mbegu tulizonunua zilikuwa bora kuliko zote tulizowahi kupanda. Msimu uliofuata zilichipua kwa pamoja, shamba zima, bila pengo. Mume wangu aliniita asubuhi nikazione. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiniita kwa furaha tangu mvua ile.

Tulipofika, ng'ombe walikuwa wamesimama mlangoni mwa zizi, wamebanana, kimya. Hakuna aliyelilia maji. Hawakuwa wakiyatazama mahindi. Walikuwa wakimtazama yeye.