Mwanakondoo wa Mkwe

Mwanangu Sakellaris aliponipigia simu kutoka Athene kwamba anamleta mchumba, nilikimbilia buchani kabla hata sijampasha habari wifi yangu Maruso. Sakellaris alikuwa ameniambia wazi: "Tukihamia huko kisiwani Kalimno au tusihamie, ataamua Danai." Tangu baba yake afariki nilikuwa nala peke yangu, nikiongea na redio. Nilimtaka mwanangu nyumbani. Basi nikaapa huyo Danai atalishwa mpaka ashindwe kuinuka.

Kwetu samaki si chakula cha kumwekea mgeni. Samaki tunakula sisi, na paka. Mkwe anachinjiwa mwanakondoo anayejazwa wali tumboni na kuokwa kwenye chungu usiku kucha. Maruso alikuja kunisaidia, yaani kunikosoa.

Danai aliketi mezani, mpole, mwembamba, akautazama ule mlima wa nyama. Kumbe kazi yake huko mjini ni kuwashauri wagonjwa wa moyo kula kama watu wa visiwani: samaki, mboga za mwitu na mafuta ya zeituni.

"Mama, samahani sana," akasema. "Mimi nyama sili. Nilidhani hapa mnakula samaki."

"Samaki? Sisi?" nikaruka. "Labda mara moja moja."

Uongo mtupu. Nilikuwa na bakuli zima la samaki wadogo jikoni, nimelifunika kwa kitambaa asije akaliona akatudharau. Nikampa nyanya na jibini. Akala kwa adabu, akashukuru, nami nikaona mwanangu ananiponyoka hivi hivi.

Jioni wale wawili walisema wanakwenda kutembea. Mimi na Maruso tukajifungia kwenye jiko la uani tule chakula chetu. Nikapalia mkaa, nikawatia samaki chumvi, nikawapanga kwenye wavu. Maruso alikuwa anachuja mboga alizochuma mlimani. Mara mlango ukasukumwa. Alikuwa Danai, pua juu, akinusa.

"Mnapika nini?"

"Si kitu, mwanangu," Maruso akaropoka. "Cha paka hicho."

"Basi nipeni cha paka."

Akavuta kigoda, akakaa katikati yetu. Sikuwa na pa kuuficha uso. Nikapiga mafuta ya zeituni na limau kwa uma mpaka yakawa mazito, nikayamwaga juu ya samaki, juu ya mboga, na mengine juu ya mkate.

"Mama! Mafuta yote hayo? Wagonjwa wangu nawapimia kwa kijiko!"

"Ndiyo maana hawaponi," akasema Maruso.

Danai akacheka mpaka akapaliwa. Alikula kwa mikono, akavinyonya na vichwa, mafuta yakamtiririka hadi viwikoni. Kisha akafuta sahani kwa mkate na kusema, "Mimi hapa siondoki."

Nililia mbele yao, wala sikuona haya. Nikamwita Sakellaris aje asikie mwenyewe. Akatokea na paja la mwanakondoo mkononi. Kumbe hakwenda kutembea kokote, alikuwa amebaki na chungu. Akasimama mlangoni, akaziba pua.

"Mchana samaki, usiku samaki, utoto wangu mzima," akasema. "Mnadhani Athene nilikimbia nini?"

"Si ulisema ataamua Danai?" nikamjibu. "Ameamua."

Tukacheka sote. Nilidhani anatania.

Danai amepata kazi kwenye zahanati yetu, na jikoni siku hizi ananifokea nikichoma samaki wakakauka. Sili tena peke yangu. Sakellaris alirudi Athene kumalizia shughuli zake, kisha aje. Hupiga simu kila Jumapili, na kabla hata ya salamu huuliza tunakula nini. Tukimwambia, anasema meli ya wiki hii imejaa.